Sufuria Juu ya Gunia

Katika nyumba ile sufuria zilioshwa juu ya gunia, zisije zikagonga saruji. Bawaba za milango hazikukosa mafuta. Watoto walijua kunong'ona kabla ya kujua kusoma, na jirani aliyekuja kupiga soga alipokelewa uani, mbali na dirisha la chumbani. Baba alikuwa amelala. Usiku alikaa kwenye kibanda cha ishara za reli akipisha treni, na wenzake walimpachika jina la Macho kwa kuwa hakuwahi kukutwa akisinzia. Wenzake kadhaa walifukuzwa kwa kusinzia. Yeye alizeeka kazini, akastaafu kwa heshima na pensheni ya kila mwezi.

Sasa walikuwa wanaachana, na mkewe alikuwa ameketi mbele ya msuluhishi, mwanamke wa rika la binti yao. Nyumba ilikuwa ya kupanga, na Macho alikwisha hamia kwingine. Alisema mama watoto achukue vyombo vyote, na makochi, na kitanda chenyewe. Lakini pensheni ni jasho lake peke yake. Kule kibandani hakukesha na mtu.

Binti yao alikuwa amemsihi mama akubali yaishe, asijivunjie heshima uzeeni. Mama alijua kodi hailipwi kwa makochi, lakini hata hivyo alifika pale akiwa nusu amekubali.

"Mama, una la kusema?" msuluhishi aliuliza.

Alikuwa nalo. Mara nje, chini ya dirisha, fundi akawasha mashine ya kukata chuma, na kelele zikajaa chumba kizima. Macho akakunja uso. Hakulitazama dirisha. Alimtazama mkewe, kama mtu anavyotazama swichi ya taa.

Naye alikwisha simama. Miguu ilimtangulia, wala hakuituma. Mkono ulikuwa tayari kwenye komeo la dirisha, kulifunga, alipoutazama, akauona kama mkono wa mtu mwingine, mtumwa wa mume aliyekwisha ondoka nyumbani.

Akalisukuma dirisha, likafunguka lote mpaka likabamiza ukuta.

"Umeona, mwanangu?" Ilimbidi apaze sauti. "Hiyo ndiyo kazi yangu. Huyu alikesha usiku kwa sababu mchana alilala, na alilala kwa sababu nililinda. Muulize lini aliamshwa na mtoto wake."

"Funga kwanza, mama watoto, tusikilizane," Macho alisema.

"Funga wewe. Komeo hilo hapo."

Macho hakuinuka. Msuluhishi alimrudishia swali, na yeye, maana mengine yote anayo lakini uongo hana, alitafuta kichwani. Kisha akainamia kofia yake.

"Nusu," mama alisema. "Sipunguzi."

Msuluhishi alimweleza taratibu kwamba wasipoelewana watakwenda kwa hakimu, na hakimu anaweza kumpa pungufu, au asimpe kitu.

"Twende. Nitamwambia kwa sauti hii hii."

Alasiri ile jirani alichungulia juu ya ukuta kuuliza kumeanguka nini. Hakikuanguka kitu. Gunia lilikuwa limetupwa pembeni, na mama alikuwa amechutama kwenye saruji, anaosha sufuria.