Herufi Zilizomtembeza Mzee Orville

Corinne Lavallée alitoa toleo jipya la mchezo wake saa nne asubuhi, na hadi saa nane mchana alikuwa bado na nguo za kulalia mbele ya kompyuta, kwenye meza ya jikoni kwake mjini Brandon, Kanada, akingoja mtu alalamike. Mchezo wenyewe ulikuwa mdogo. Watu wasiofika arobaini walikutana humo msituni, wakajenga vibanda vya magogo, wakavua samaki kwenye barafu, na zaidi ya yote wakapiga soga. Kwa hiyo mwezi mzima alihangaika na kisanduku cha maongezi: unabonyeza Enter, kinafunguka, unaandika, wenzako wanasoma.

Hakuna aliyelalamika. Walikuwa wanacheka.

"Mtazameni Orville," aliandika Noreen Sinclair, mwalimu mstaafu wa kule Selkirk. "Kalewa mchana kweupe."

Ni kweli mtu wa Orville mchezoni alikuwa na vituko. Alirudi nyuma hatua moja, akafungua mkoba, akasonga mbele, akaokota kijiti, akalala kwenye theluji, akainuka, akafungua mkoba tena.

"Mwacheni, ananyoosha viungo," mwingine akadakia.

Corinne naye akachangia. "Mzee, mlango uko upande wa pili." Kisha akafunga mchezo, akaanza kuingiza toleo jipya kwenye mashine yake mwenyewe, akainuka kumimina kahawa.

Orville Dyck alikuwa na miaka sabini na mitatu, anaishi peke yake na paka wake shambani huko Saskatchewan. Saratani ilimwondolea koo, na sauti ikaenda nayo. Mwaka wa sita huu hakuwa amesema neno. Kila siku baada ya chakula cha mchana aliingia mchezoni na kuandika kuliko wote, na toleo jipya likitoka, yeye ndiye wa kwanza kulichukua. Wenzake walikuwa bado na la zamani.

Corinne alikuwa ameshika birika ndipo wazo lilipomjia kwamba leo Orville hajaandika hata neno moja.

Akarudi mezani. Akaingia mchezoni kwa toleo jipya, akabonyeza Enter, kisanduku kikafunguka, akaandika salamu. Kisanduku kilibaki kitupu, hata maneno ya wenzake hayakuonekana. Mtu wake ndiye aliyerudi nyuma, akageuka kushoto, akafungua ramani. Herufi zilikuwa hazikamatwi na kisanduku. Zilipita moja kwa moja hadi kwa mtu wa mchezoni, na kila kitufe kikafanya kazi yake kana kwamba hakuna anayeandika.

"Hachezi," alisema kwa sauti, jikoni peke yake. "Anaandika."

Seva ilitunza kila tendo la kila mchezaji. Akaifungua orodha ya matendo ya Orville na kuchukua penseli. Kurudi nyuma ni S. Kufungua mkoba ni I. Kusonga mbele, W. Kuokota, E. Kulala, Z. Mkoba tena, I. Ncha ya penseli ikavunjika, akaendelea na kalamu.

SIWEZI KUSIMAMA.

Hiyo ilikuwa dakika ishirini na tano zilizopita. Baada yake GESI, mara mbili. Kisha C, R, I, E. O na N hazikuwa na kazi yoyote mchezoni, kwa hiyo zilipotea, lakini Corinne alilitambua jina lake. Baada ya hapo ni S tupu, mamia kwa mamia, kama kidole kilichokilalia kitufe. Kwenye kioo, mtu wa Orville alikuwa anarudi nyuma, mgongo ukisukuma ukuta wa kibanda, miguu haikomi.

Akapiga simu ya dharura.

"Anwani yake?" aliuliza mwanamke wa upande wa pili.

"Siijui. Anakaa shambani, Saskatchewan, kusini huko."

"Umeongea naye, dada?"

"Hana sauti."

"Basi amekuandikia?"

"Ameandika. Hayakunifikia." Corinne alisikia jinsi maneno hayo yalivyokaa vibaya. "Naomba usikate. Nakutafutia anwani."

Akarukia kisanduku kuwauliza wenzake, na mtu wake akaanza kurukaruka. Akaipiga meza kwa kiganja. Akapekua barua pepe za zamani hadi akaipata namba ya Noreen, akapiga kwa simu ya mezani huku ile ya mkononi iko wazi.

"Mwanangu, mbona unahema hivyo?"

"Bi Noreen, unajua Orville anakaa wapi?"

"Kadi yake ya Krismasi ninayo. Ngoja nitafute miwani."

"Fanya haraka."

"Kwani kuna nini?"

"Anakufa, na sisi tumekaa tunamcheka."

Noreen akaileta kadi. Alisoma anwani polepole, na Corinne akairudia neno kwa neno kwenye simu nyingine.

Wazima moto wa kujitolea walichukua dakika arobaini, maana dhoruba ya theluji ya siku mbili ilikuwa imeifukia barabara. Corinne hakuondoka mezani. Alimtazama yule mtu akitembea kinyumenyume, na alipokoma ghafla, hakujua kama kuna aliyeuinua mkono wa Orville au umeanguka wenyewe. Alilia kwa hofu hadi simu ilipoita. Orville alikuwa hai. Theluji iliziba bomba la kutolea moshi wa tanuri la kupashia nyumba joto, na hewa ya sumu ikajaa ndani.

Siku ya tisa Corinne aliendesha gari hadi hospitali ya Regina. Orville alikuwa ameegemezwa kwa mito, vidole havitulii. Akaandika kwenye karatasi, herufi kubwa zilizopinda: *Nilikuona. Jina lako lilikuwa pale. Mbona ulinyamaza?*

Corinne akamweleza yote: kisanduku, vitufe, vicheko, na maneno yake mwenyewe kuhusu mlango. Hakujitetea. Orville alisikiliza, macho dirishani. Kisha akaigeuza karatasi.

*Paka wangu yuko wapi?*

Ilionekana hakuna aliyekuwa amemwambia. Corinne akavuta kiti karibu, akaushika mkono wake, akamwambia kwamba wazima moto walimkuta paka amekufa.