Marahaba ya Kwa Sadala

Siku ya soko Kwa Sadala, Elinipendo hakuwa na muda wa kusikiliza maspika ya watu. Mwenye ndizi analinda mikungu yake, anakataa bei za kihuni, na anawakazia macho wachuuzi wa mjini wanaojifanya hawajui ndizi ya mshare ni nini. Alikuwa ameinama anageuza chane iliyoanza kuiva upande mmoja, pale sauti ya mwanamke iliposema nyuma yake: "Shikamoo, mama. Nimerudi."

"Marahaba, mwanangu," akaitikia, kwa sauti kubwa, bila kugeuka.

Ndipo akageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na kibanda cha muuza chaja na kava za simu, na spika nyeusi juu ya kiti cha plastiki, nayo iliendelea kuzungumza kwa sauti ya Loveness, binti yake, ambaye alikuwa amezikwa nyuma ya nyumba yao Machame, kati ya migomba, tangu mwaka juzi.

Jirani yake wa soko, aliyeuza maparachichi, alikuwa amesikia ile marahaba. Aliinamisha uso akaanza kuhesabu maparachichi yasiyohitaji kuhesabiwa. Elinipendo alijikaza, akaenda kibandani, akauliza hicho ni nini. Kijana wa kibanda akamweleza kwa furaha yote ya mtu asiyejua anaongea na nani. Ni simulizi mpya za sauti, alisema, zimetokana na ile tamthilia ya Kituo cha Kibo iliyokuwa kwenye runinga. Hadithi fupi fupi, unazishusha kwenye simu, unasikiliza huku unapalilia. Na uzuri wake, sauti ni ya yule yule Rubani Manka.

"Amerudi, mama," alisema. "Watu walimmiss kweli."

Elinipendo aliziacha ndizi zake pale pale chini. Hakumwomba mtu amwangalizie.

Tamthilia yenyewe aliijua vizuri kuliko huyo kijana. Iliandikwa na kutengenezwa na Isack, mtoto wa Sifael, na Sifael na marehemu mume wa Elinipendo ni watoto wa mtu na kaka yake. Isack amekula kiburu cha ndizi na maharage jikoni kwake tangu hajaota meno ya mbele ya pili. Alipofungua studio yake Moshi mjini, ghorofani, juu ya duka la mabati, wa kwanza kumfuata alikuwa Loveness. Wakatunga dunia ya miaka mia mbili ijayo, barafu imeisha kabisa kileleni, na watu wanaishi ndani ya kituo cha chuma juu ya Kibo, wanatengeneza mawingu kwa mitambo na kuteremsha maji kwa mifongo, ile mifereji ya wazee, ila hii ya bomba, mpaka tambarare za mpunga. Loveness ndiye aliyekuwa Rubani Manka, anayeruka na chombo kuyasukuma mawingu. Kofia yake ya anga ilikuwa kofia ya bodaboda iliyopakwa rangi ya fedha, na Elinipendo, kila ilipotokea kwenye runinga, alicheka mpaka majirani wakamwambia atulie wasikie. Lakini alijivuna. Nani asiyejivuna? Kisha ikaja homa, ikamwahi binti kabla ya Pasaka, tamthilia ikakatika katikati, na ile kofia ikabaki juu ya kabati la vyombo, inafutwa vumbi kila Jumamosi.

Kesho yake asubuhi akashuka Moshi akiwa na kitenge cha kanisani na hasira ya kutosha kata nzima. Pale studio alimkuta Winfrida, msichana wa mapokezi, aliyemsalimia kwa adabu na kumletea soda. Soda hakuigusa. Isack alitoka chumba cha ndani na hedifoni shingoni, akamkumbatia, akamwita mama mdogo, akasema alikuwa anapanga kuja kumweleza.

"Nieleze sasa," alisema Elinipendo.

Isack akaeleza. Walikuwa na saa nyingi za sauti ya Loveness, alizorekodi kwa ajili ya tamthilia. Siku hizi kuna akili mnemba. Unailisha sauti ya mtu, ikishashiba inaweza kusoma chochote utakachoiandikia, na mtu hawezi kutofautisha. Watu wa Dar es Salaam waliozichukua hizo simulizi walisema bila sauti ya Manka hawazitaki. Na Loveness alisaini kwamba studio itumie alichorekodi. Zaidi ya yote, alisema Isack, na hapa akalainisha sauti kama mchungaji kwenye msiba, ilikuwa njia ya kumuenzi. Kwa namna fulani bado yupo.

Elinipendo alimsikiliza hadi mwisho, kwa sababu alilelewa kusikiliza hadi mwisho. Kisha akamuuliza kama Loveness aliyasema hayo maneno ya kwenye spika.

"Hapana, mama mdogo. Ile siyo Loveness. Ni mashine tu."

"Kama siyo Loveness, kwa nini inaniamkia?"

Isack alivua hedifoni shingoni, akazishika mkononi.

"Nimeiitikia," alisema Elinipendo. "Kwa Sadala, mbele ya soko zima. Nimeiambia marahaba mwanangu. Wewe umemzika pamoja nami, Isack. Umeshika jeneza upande wa miguu. Nataka anyamaze. Sitaki kitu kingine kwako, nataka mwanangu anyamaze."

Alipoyasikia maneno yake mwenyewe, hasira ilimpanda upya. Ni mama gani anatembea mpaka mjini kuomba sauti ya mtoto wake izimwe? Walikuwa wamemfanya mama wa namna hiyo. Isack alianza kusema kwamba jambo halipo mikononi mwake peke yake, kwamba hadithi nyingine zimeshatangazwa, kwamba watazungumza kifamilia. Elinipendo alisimama, akamwambia Winfrida asante kwa soda, akaondoka.

Kilichofuata kilijulikana na usharika mzima. Jumapili, Sifael alipomnyooshea mkono nje ya kanisa, Elinipendo alirekebisha kitenge chake na kupita. Jumapili iliyofuata hivyo hivyo. Wanawake wa kwaya walimsihi. Mmoja alimwambia angalau yeye anaweza kumsikia mtoto wake, wengine hawana hata picha, na Elinipendo alimjibu neno ambalo halijibiwi mtu mwenye kitabu cha nyimbo mkononi. Usiku alilala vibaya. Simulizi ziliendelea kutoka. Alizisikia dukani, alizisikia kwa fundi cherehani, na kila mara alijiziba mdomo kwa upindo wa kitenge, akihofu usije ukaitikia wenyewe.

Alijua pia nini kitafuata, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Sifael ataleta isale. Mchagga aliyekosa akija kwako na jani la isale mkononi, akakuomba radhi nalo, huna pa kukimbilia. Unasamehe. Hata kama alichoma nyumba yako unasamehe, na anayekataa isale, laana inarudi juu yake na wanawe. Elinipendo alikuwa Mlutheri wa kubatizwa na kuimba sauti ya pili, lakini hajawahi kusikia mtu aliyekataa isale akafa vizuri. Na Isack aliyajua hayo. Aliyaandika mwenyewe kwenye tamthilia, Rubani Manka alimpa adui yake isale la plastiki kule juu kwenye kituo, watu wakalia. Sasa atakuja na jani, atatamka maneno mawili, na baada ya hapo mashine itaendelea kumwamkia na yeye hatakuwa na haki hata ya kununa.

Wakaja Jumamosi, jua likiwa limepanda. Elinipendo alikuwa anamkatia ng'ombe majani pale bandani. Sifael alitangulia peke yake kwa njia ya mbele, kofia mkononi, akabisha hodi kama mgeni. Alisema wamekuja yeye na kijana. Kijana ameacha gari barabarani na anapitia njia ya nyuma, ya migombani.

"Shemeji," alisema Sifael, "nakuomba usiniaibishe. Tumekuja kwa desturi."

Isack akatokea kati ya migomba, viatu vya mjini vimejaa tope la mfongo. Hakusalimia, kwa hofu au kwa haraka. Alikuja moja kwa moja, akapiga magoti kwenye majani ya ng'ombe, akanyoosha mikono miwili. Ndani ya mikono kulikuwa na jani la isale, refu, bichi, limefungwa fundo kama inavyotakiwa.

"Mama mdogo, nimekosa," alisema. "Naomba unisamehe kwa isale hili."

Elinipendo aliweka mundu chini. Alitazama jani kwa muda, na kwa kweli mkono wake ulikuwa umeshaanza kunyooka, kwa sababu mkono nao umelelewa. Ndipo akaona matone meupe. Madogo, yametapakaa kuanzia kwenye shina la jani, yamekauka.

Yale matone aliyajua. Wiki iliyopita alipaka chokaa kaburi la Loveness, peke yake, na brashi ikarusha kwenye masale aliyoyapanda pembeni ya kaburi, manne, kila pembe moja. Alijaribu kuyafuta kwa kanga yenye maji, yakagoma.

"Hili umelikata wapi?" aliuliza.

Isack hakuelewa swali. Alisema hapo nyuma tu. Nyumbani hakukumbuka kuchukua, na alipopita migombani akaona masale yamepandwa, akadhani ni ya mpakani, akakata jani moja mbio mbio bila kuinua macho. Alisema kwa unyenyekevu, kama mtu anayeeleza jinsi alivyowahi basi.

Sifael aliangalia jani, akaangalia upande wa migombani, na rangi ikamtoka usoni. Yeye ni mtu mzima. Hakuhitaji kuelezwa kwamba masale ya mpakani ni ya mpakani na ya kaburini ni ya marehemu, na hayaguswi.

"Baba," alisema Isack, "nimefanya nini?"

"Umemwibia tena," alisema Elinipendo. "Ulichukua sauti yake bila kumuuliza, ukaiuza. Sasa umechukua jani lake bila kumuuliza, uje uninunue nalo mimi. Hivi marehemu kwako ni ghala? Ukipungukiwa na kitu unaingia unabeba?"

Sifael alianza kusema kwamba watarudi kesho na isale jingine, la kwake mwenyewe, na pombe, na wazee. Elinipendo alimkatiza. Alisema hakatai isale, wasije wakatangaza kwamba amekataa. Isale hupewa aliyekosewa, naye aliyekosewa yuko nyuma ya nyumba. Akamshika Isack kiwiko, akamnyanyua, akampeleka mwenyewe.

Kaburi lilikuwa jeupe chini ya migomba. Isale la pembe ya juu lilikuwa na kidonda kibichi palipokatwa jani. Isack alikiona, akaweka mkono mdomoni.

"Mwombe," alisema Elinipendo. "Akikuitikia, mimi nimesamehe. Lakini akuitikie kwa sauti yake, siyo hiyo uliyoifuga kule ghorofani."

Isack alipiga magoti. Alisema Loveness, mdogo wangu, nimekosa, naomba unisamehe. Kisha akanyamaza, na wote watatu wakanyamaza. Maji ya mfongo yalipita. Ng'ombe alilia bandani mara moja. Hakuna kilichojibu, na Elinipendo akagundua kwamba naye ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza. Alikuwa anasubiri kweli. Pamoja na hasira zote, mzee mzima, sikio lake lilikuwa linamsubiri mtoto, na machozi yakamtoka kwa ghadhabu.

"Unaona?" alimwambia Isack. "Hivyo ndivyo alivyo. Hajibu. Mimi nilikuwa nimeanza kulizoea hilo."

Isack alibaki chini, mabega yanatikisika. Baadaye, bila mtu kumwambia, alitoa simu mfukoni akampigia Winfrida, akamwambia aondoe mtandaoni simulizi zote zenye sauti ya Manka. Inaonekana aliulizwa zote kweli, maana alirudia: zote. Kisha akamwambia afute na ile sauti yenyewe waliyoitengeneza, isibaki nakala mahali popote. Rekodi za tamthilia zibaki, zile alizosema Loveness mwenyewe. Na watu wa Dar es Salaam atawapigia yeye, waseme watakachosema.

Alikata simu, akaliweka jani juu ya kaburi, taratibu, akasimama.

Sifael alimtazama shemeji yake kama mtu anayesubiri hukumu. Elinipendo hakusema amesamehe. Alijifuta uso kwa kitenge. Kifua bado kilikuwa kinawaka na hakuona sababu ya kukimwagia maji mbele yao.

Isack, magoti yote tope, labda alikumbuka tu kwamba tangu afike hajasalimia. Aliinama.

"Shikamoo, mama mdogo."

Elinipendo alinyamaza. Sifael alifunga macho. Kwao kutoitikia shikamoo ni kumfukuza mtu kwenye ukoo. Isack alibaki ameinama, shingo wazi, anasubiri mbele ya kaburi, na mama akamwacha asubiri mpaka aone jinsi ilivyo kumwita mtu asiyekujibu.

"Marahaba," alisema mwishowe. "Sasa nenda. Nina ng'ombe hajala."