Kitabu Kimoja kwa Watoto Sita

"Anza hapa," Nsanzimana alisema, akabonyeza saa.

Igihozo, wa darasa la tatu, aliigeuza karatasi juu chini, akainama kusoma. Nsanzimana akaigeuza ikae sawa. Mtoto akaikodolea macho hadi dakika ikaisha. Nsanzimana akaandika sifuri, ya saba kati ya watoto kumi na wawili aliokwisha kuwapima. Walibaki wanane.

Alikuwa ametumwa kwenye shule hii ya Mapendo kupima kama watoto wanajua kusoma, baada ya serikali kufuta ada ya shule za msingi. Barua ya waliomtuma ilisema wazi: darasa likishindwa zaidi ya nusu, mwalimu wake anaondolewa. Mwalimu huyo, mama Apolline, alikuwa amesimama mlangoni.

"Papa, asubuhi muzima ni zero tu. Mukono hauchoke?"

"Hakusoma, mama."

"Umemunyima kusoma. Karatasi umeigeuza."

"Aliishika vibaya."

"Kuja uone vile tunakaa."

Darasani, watoto mia moja na kumi walikuwa wamebanana. Walikuja kama mvua ada ilipofutwa, vitabu havikuja. Kila kitabu kililala katikati ya watoto sita, watatu huku, watatu wakiwaelekea, wakiyaona maandishi juu chini.

"Igihozo anakaa ng'ambo ile," Apolline alisema. "Mwaka wa pili sasa."

Nsanzimana alimrudisha mtoto nje, akampa ukurasa mwingine, safari hii bila kuigusa mikono ya mtoto. Igihozo aliugeuza juu chini, akasoma. Alikwama kwenye neno moja refu, akalivuka, akamaliza kabla ya dakika.

"Sasa padri akimupa Biblia kanisani?" Nsanzimana aliuliza.

"Atageuza," Apolline alijibu. "Mungu hatauliza."

Nsanzimana alitabasamu, lakini hakuharakisha kuandika. Mwongozo wake ulitaka karatasi ishikwe sawa. Aliuliza wale saba wanakaa wapi. Watano, ng'ambo ile. Wawili, upande huu.

"Hao wawili je?" Apolline aliuliza, kwa sauti ya chini.

"Hao sijui bado, mama. Pengine hawajui kweli."

"Pengine," mwalimu alikubali.

Hakufuta sifuri hata moja. Pembeni ya zile tano za ng'ambo aliandika: apimwe tena, ashike anavyojua. Chini akaongeza sababu, kwa maneno marefu kuliko nafasi iliyokuwepo.

Uani, watoto wa zamu ya mchana walikuwa wamekwisha kujipanga mistari, wakingoja chumba.

"Kesho saa moja na nusu," alisema, akifunga faili. "Nitaanza na wale watano, kisha wanane waliobaki. Niachie benchi kama zilivyo."