Miti Aliyoikata Kipkosgei

Tangu Kipkosgei aanze kupoteza kumbukumbu, kila jioni alivaa koti akasema anaenda nyumbani. Mkewe, Rodah, alimwambia nyumbani ni hapa, wameishi hapa miaka arobaini na mitatu. Mzee alitazama shamba la chai lililofika karibu na mlango, akatikisa kichwa.

"Kwetu hakuna chai. Kwetu kuna miti ya tebeswet mbele ya nyumba na senetwet kando ya boma ya ng'ombe. Hapa ni kwa wenyewe."

Hakuwa anapayuka. Miti hiyo ilikuwepo Rodah alipoolewa. Vijiti vya senetwet ndivyo mama mkwe alivyochoma kusafishia vibuyu vya maziwa. Kisha mwaka uleule Kipkosgei akaikata yote, akapanda chai. Rodah alilia siku hiyo, na mumewe hakumweleza kitu.

Sasa Rodah akaamua kuirudisha. Alimwacha mzee na binti yao, Winny, akaenda kwenye nasari ya miche pale Sosiot. Kulikuwa na mikaratusi, misipresi na avokado. Alipotaja tebeswet, mwenye nasari, Ajwang, alicheka.

"Mama, hiyo nani atanunua? Watu wanang'oa."

Rodah akamweleza ni ya nini. Kicheko kikamwishia Ajwang. Alisema baba yake naye alipoteza kumbukumbu hivyohivyo, akawa anamwita yeye Ajwang kwa jina la ndugu aliyekufa. Akapiga simu kwa mwalimu mmoja wa Kabianga anayekuza miti ya kienyeji nyuma ya nyumba yake. Huko Rodah alipewa miche minne ya tebeswet. Senetwet hakuna aliyekuwa nayo. Alizunguka wiki mbili, mpaka akaiona kwenye ua wa mama mmoja karibu na Silibwet, na mama huyo akamchimbia miche miwili iliyojiotea chini yake.

Yeye na Winny walishinda siku tatu waking'oa mashina ya chai mbele ya nyumba.

"Mum, hii chai ndiyo inatulisha," Winny alilalamika.

"Itulishe ikiwa huko nyuma."

Jioni waliyomaliza kupanda, Kipkosgei aliinama, akafikicha jani la senetwet, akalinusa. Hakuvaa koti. Kesho yake hakuvaa, wala siku iliyofuata. Winny alirudi kazini Bomet. Kwa siku nane Rodah alilala usingizi aliokuwa ameusahau.

Siku ya tisa alimwacha mumewe amelala, akapeleka majani ya chai kwenye kituo cha kuyauzia. Foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi saa saba mchana, alimkuta Kipkosgei na jembe, shati limelowa jasho, uso umechangamka kama wa kijana. Miche yote sita ilikuwa imerundikwa kando, mizizi juu, majani yamenyauka kwa jua.

"Mzee! Umefanya nini?"

"Pole mama, siwezi kukusalimia, mikono ni chafu." Alimtazama kwa adabu, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Nasafisha hapa nipande chai. Nimeoa msichana, anaitwa Rodah. Kwao wamekuwa wakilala njaa. Sitaki alale njaa kwangu."

Rodah aliketi chini, palepale kwenye udongo. Miaka yote hiyo alidhani ilikuwa tamaa ya pesa tu.

"Na huyo Rodah," aliuliza, "anataka chai?"

"Anapenda hii miti. Asubuhi amelia." Kipkosgei alishusha sauti. "Nilishindwa kumwambia. Mwanaume ataanzaje kumwambia bibi yake kwamba anaogopa? Lakini atakuja kuelewa."

"Ameelewa," Rodah alisema.

"Unamjua?"

Rodah aliinuka. Alileta maji kwenye karai, akamshika mikono. Viganja vilikuwa vimechubuka, na maji yakageuka mekundu kwa udongo na damu. Kipkosgei alitulia kidogo, kisha akaanza kuvuta mikono yake taratibu, akichungulia barabarani.

"Mama, asante, lakini wacha tu. Bibi yangu akifika akukute unaniosha hivi, atahisi vibaya."

"Hatahisi vibaya," Rodah alisema, akaendelea kumtoa udongo katikati ya vidole.