Madumu ya Ghorofa ya Tatu

Kwa miaka tisa nilipandisha maji ghorofa ya tatu. Madumu mawili kila Jumamosi, huku moja na huku moja. Nilikuwa natunza tangi la matumbawe kwenye chumba cha kusubiri cha daktari wa meno, na maji yale nilikuwa nayachuja nyumbani kwangu, tone kwa tone, siku nzima.

Ndani ya tangi kulikuwa na kamba mdogo mwekundu niliyemwita Kinyozi. Ukitumbukiza mkono anatoka pangoni, anakupandia vidoleni na kukusafisha kucha. Watoto waliokuja na jino bovu wanalia, wakimwona Kinyozi wananyamaza.

Miaka mitatu ya mwisho, kazi hii nilimfundisha shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Tunamwita Profesa, kwa sababu hakuna jambo ambalo hajaliangalia kwenye simu. Nilimfundisha kukata matumbawe, kulisha samaki, kusugua kioo. Kitu kimoja tu hakuwahi kuniuliza: kwa nini nabeba maji wakati bomba liko pale pale nyuma ya mlango. Alikuwa anacheka tu.

Siku moja sikuwapo, akamwambia daktari mbele ya wagonjwa: "Shemeji ni mtu mzuri, lakini aliishia darasa la sita. Siku hizi hii kazi ni sayansi. Si unaona anavyobeba maji kama punda?"

Dada wa mapokezi alinieleza neno kwa neno, maana yule hana kifua. Akaniambia na watu walicheka. Wiki iliyofuata daktari akanipigia, akasema nipumzike, Profesa atashika.

Darasa la sita ni kweli. Lakini kijana niliyemshika mkono kumwonyesha namna ya kushika mkasi, anisimangie shule mbele ya watu waliokuja kufunguliwa midomo? Hilo nililiweka moyoni.

Profesa alianza kwa kutoa mchanga wangu wote wa zamani na kumwaga mpya, mweupe kama chumvi. Kisha akafungua bomba. Sasa, mchanga mpya huota utando wa kahawia wiki za mwanzo. Ukiwa na maji yaliyochujwa unaugusa kidogo tu, unauacha, utando unakula kilichopo na kuisha wenyewe. Lakini maji ya bomba yana vitu vinavyoulisha. Kila ndoo unayoongeza ni sahani ya chakula.

Wiki ya tatu akaja nyumbani, amenywea.

"Shemeji, mchanga umegeuka kahawia."

"Kahawia ya namna gani?"

"Kama mtu kamwaga kakao. Utando nauvuta kwa mpira asubuhi, mchana umerudi. Na ukiangalia una vipovu vipovu."

"Simu inasemaje?"

Akaangalia chini. "Simu inasema mambo kumi."

Mke wangu akaweka chai mezani, akanitazama usoni. Anaijua sura yangu. "Msaidie ndugu yangu," akasema.

Nikamsaidia. "Badilisha maji. Ndoo mbili kila siku, usiruke hata siku moja."

"Kila siku, shemeji?"

"Ndiyo sayansi."

Akanishika mkono kwa mikono miwili. Akaniambia hana kaka mwingine kama mimi. Nilikunywa chai yangu mpaka chini.

Profesa akachota. Mchanga ukawa mweusimweusi, utando ukapanda kwenye mawe, ukashika kioo. Dada wa mapokezi alinipigia kila jioni kunipa taarifa, na mimi nilikuwa nasubiri simu yake kama mtu anayesubiri mpira redioni. Wagonjwa wanauliza kama tangi limekuwa la chai. Daktari amegeuza viti vitazame ukutani.

Kisha siku moja yule dada akasema, "Konokono wameanza kufa. Na Kinyozi hatoki tena pangoni."

Jengo lile ni la zamani, mabomba yake ni ya shaba. Shaba na kamba havikai pamoja. Nililijua hilo kabla hajamaliza sentensi. Nikatafuta namba ya Profesa, nikaitazama. Neno moja tu lilitosha: acha. Nikakumbuka watu walicheka. Nikaweka simu mezani.

Siku ya sita baada ya simu ile daktari akanipigia mwenyewe. Nilimwambia nitakuja Jumamosi saa nne, chumba kikiwa kimejaa, na Profesa awepo.

Nilipanda na dumu moja na kipimo changu cha mfukoni, kile kinachohesabu vitu vilivyoyeyuka majini. Watu walikuwa kama kumi. Profesa alikuwa ameshika ndoo ya maji ya bomba, mikono imemchubuka kwa chumvi ya tangi.

"Afadhali umekuja," akasema. "Nimefanya ulivyoniambia, sikuruka."

Nikampa kipimo. "Pima ndoo yako. Soma kwa sauti, wewe umesoma."

"Mia tatu arobaini."

"Sasa pima dumu la punda."

Akatumbukiza. Akatikisa kipimo, akatumbukiza tena.

"Soma."

"Sifuri."

Mgonjwa mmoja mwenye shavu lililovimba aliacha kuguna. Nilimwona Profesa akihesabu ndoo kichwani, mbili kwa siku, siku baada ya siku.

"Ulijua," akasema polepole. "Siku ile nyumbani, unakunywa chai, ulijua."

"Nilijua."

"Ungeniambia tu, shemeji."

"Ungeniuliza tu. Miaka mitatu ulinicheka, hukuniuliza."

Daktari akakohoa, akasema tangi ni langu, nirudi. Dada wa mapokezi akageuza viti.

Nikakunja mikono ya shati, nikatumbukiza mkono mpaka kwenye kiwiko, mbele ya pango. Vidole vikagusa magamba matupu ya konokono. Nikasubiri. Mtoto mmoja akaja kusimama karibu na kioo, naye akasubiri.

"Huyo alikufa Alhamisi," dada wa mapokezi akasema taratibu. "Nilishindwa kukuambia."

Yeye, asiye na kifua, ndiye wa kushindwa kuniambia neno.

Nikautoa mkono majini. Profesa alikuwa bado amesimama na ndoo yake, macho mekundu, anasubiri nimwambie aende nyumbani. Dada yake, mke wangu, angependa nimwambie hivyo.

"Dumu la pili liko chini kwenye gari," nikamwambia. "Lilete. Na Jumamosi ijayo utayabeba yote mawili."

Akaweka ndoo chini, akashuka.