Sauti ya Ndanu Ilibaki Kiandutu

Ndanu alikuwa anashona mifuko za shati kwa godauni moja huko Ruiru. Kila siku saa saba, wakati wa lanchi, alikuwa anapigia bwanake Muli, mwenye alikuwa anakaa na watoto Thika, Kiandutu. Si mbali. Lakini godauni ilikuwa inafungwa kufuli kwa nje mpaka target ya siku ifike, hata kama ni usiku, so Ndanu alikuwa anaenda home Jumapili tu.

Kawaida simu haibebi sauti yenyewe. Inaigeuza stima, inaitupa hewani mpaka kwa masti, halafu spika ya upande ule inatengeneza ingine kama hiyo. Ya Ndanu ilienda yenyewe. Jumanne moja chaji iliisha akiuliza kama mtoto amekunywa dawa, na sauti ikabaki Kiandutu. Ikamaliza swali. Muli akajibu amekunywa, akaendelea kuosha vyombo.

Huku Ruiru Ndanu alifungua mdomo, hakuna kitu. Akarudi kwa mashini.

"Umenyamaza, ama umeokoka?" Jentrix wa mashini ya kando akamuuliza.

Ndanu akamwandikia na chaki kwa kitambaa: sauti iko home. Jentrix akasema hata yeye yake angeiacha huko.

Shida ilikuwa Alhamisi. Afisa wa leba alikuwa anakuja, na wafanyikazi walikuwa wamechagua Ndanu aongee juu ya ile kufuli, juu wengine wote walikuwa wanaogopa Githae, supavaisa. Afisa akaingia, akauliza nani ako na malalamiko. Ndanu akasimama, akapigia Muli, akaweka loudspeaker.

"Tunafungiwa," sauti ikasema. "Moto ikishika, hakuna mtu atatoka. Jentrix alizimia mwezi jana, tukagonga mlango mpaka mikono ikafura."

Wote wakatikisa kichwa. Afisa akauliza anayeongea ako wapi.

"Kiandutu," sauti ikajibu.

"Basi huyo si mfanyikazi wa hapa," Githae akasema.

Afisa akaona hiyo ni kweli. Akaandika kwamba waliokuwepo hawakusema kitu, akafunguliwa, akatoka, mlango ukafungwa.

Jumapili Ndanu alipata sauti ikiharakisha watoto waende kanisa. Akaandika kwa karatasi: kesho turudi pamoja. Muli akaisomea sauti.

"Mimi huko sirudi," sauti ikasema polepole. "Wewe enda tu."

Jumatatu asubuhi, Ndanu akifunga viatu, sauti ikamwambia kuna baridi, abebe sweta. Akabeba, akaenda.