Matanga ya Walio Hai

Mfalme Tausi wa Milki ya Manyoya alikuwa na udhaifu mmoja, nao uliwamaliza wenzake: alipenda mno hadithi za kale za mapenzi, zile ambazo wapendanao hufa kabla ya kuishi pamoja. Kila jioni alisomewa moja, akalia, akapanguswa machozi, akalala fofofo. Akiamka, alipeleka vijana wengine vitani kugombea ziwa na jirani, ili milki isipungukiwe na visa vya kuliza.

Na vita vyenyewe si vile vya zamani vya midomo na kucha. Siku hizi ni vyuma vinavyoruka bila rubani. Kikikuangukia, haurudi hata unyoya wa kuzika. Ndipo Waziri Korongo, mjuzi wa kila kitu ila aibu, akabuni desturi: askari afungishwe ndoa na mchumba wake, hadithi isomwe, kisha aliliwe na matanga yaanuliwe papo hapo, mwenyewe akitazama, kabla hajaondoka. Serikali haikupenda vilio vya kushtukiza.

Zamu ikamfikia Tetere, ukumbini mwa Mfalme. Mumewe Shore, mwimbaji wa harusini asiyejua hata kukunja kucha, alisimama kando yake akila wali wa matanga yake mwenyewe.

"Umekolea nazi," akanong'ona.

Tetere alitamani kumzaba kofi, tena alitamani kumkumbatia asimwachie kamwe. Alimpenda, basi. Hakuwa tayari mapenzi yake yawe kisa cha kumbembelezea Mfalme usingizi.

"Lia, bibie," Korongo akamhimiza. "Mfalme anasubiri."

"Nimeshalia mpaka basi. Matanga yameanuliwa?"

"Yameanuliwa kwa mujibu wa sheria."

"Kwa hiyo huyu ni marehemu?"

Korongo akakohoa. "Kwa taratibu za serikali, ndiyo."

"Ehe! Tangu lini serikali tukufu ikapeleka marehemu vitani? Mnataka majirani watucheke? Nipeni maiti yangu nikaisitiri." Akamshika Shore bawa. "Twende, marehemu. Na usithubutu kuimba njiani."

Kabla Mfalme hajafumba mdomo, maarusi wengine waliokwisha kuanua matanga walishainuka uwanjani nje, kila mmoja akimburuta marehemu wake. Kikosi kizima kikayeyuka.

"Waitwe wasiofanyiwa matanga!" Tausi akafoka.

Wasiofanyiwa matanga walikuwa wana wa mawaziri tu. Korongo, baba wa vijana kadhaa wanene, akainama mpaka mdomo ukagusa sakafu.

"Mtukufu, nimetafakari. Lile ziwa lina matope sana. Amani nayo ina heshima yake."

Mawaziri wote wakaitikia kwa pamoja, na wajumbe wa amani wakarushwa mpakani hata chai haijapoa.

Tetere alifika langoni kicheko kimembana, akakuta njia imezibwa. Walikuwa wajane wa vita vilivyopita, wakija mbio. Kicheko kikamkauka. Akamvuta Shore kando, akawapisha.

Aliyetangulia, Bi Kwale, akaenda moja kwa moja hadi mbele ya kiti cha enzi.

"Tumesikia marehemu wanarudishwa," akasema. "Tumekuja kuchukua wetu."

Tausi akageuka kumtafuta Korongo. Viti vya mawaziri vilikuwa vitupu. Wajane wakazidi kuingia, wakajaa ukumbi mzima, wakimtazama. Mfalme akainuka aondoke, asiweze: walikuwa wamesimama juu ya mkia wake.